Profesa wa Siku Sita

Habari ikienea kwamba profesa amefika, chuo chote husimama. Muuza mandazi wa getini huongeza unga, mkuu wa idara hutafuta shati la mikono mirefu, na wanafunzi waliokuwa wametawanyika mashambani na machimboni hurudi mbio. Profesa ametoka mbali: Kindu, Kisangani, pengine Bukavu. Piki imemwangusha matopeni mara mbili, na cheo chake kinatajwa kabla ya jina. Somo lake lina saa 60. Jumamosi anaondoka. Saa 60 kwa siku sita ni saa 10 kila siku, na hapo bado mtihani, ambao pia anataka kuondoka nao mkobani.

Waulize wazazi wa Kasongo au wa Kabambare, hapa kwetu mashariki mwa Kongo. Watakwambia ndivyo inavyotakiwa: heri siku sita za profesa kuliko muhula mzima wa mwalimu wa saa. Na mwalimu wa saa ni nani? Ni muuguzi anayetoka zamu ya usiku akaja Jumanne na Alhamisi kufundisha biolojia. Ni agronomu anayeingia darasani na buti zake za shambani. Ni mwalimu wa sekondari anayeongeza kipato kwa sababu ule mshahara wake wa kwanza haufiki tarehe 15. Huyo tunamwona kila siku sokoni akibishana bei ya samaki, basi tunaamini kichwani hana kitu. Mimi nami nimefundisha kemia kwa saa, katika chuo ambacho sitakitaja, kwa hiyo msomaji ajue mapema kwamba nina mkono wangu katika chungu hiki.

Imani hiyo ni ya uongo. Huenda katika masomo mengine uongo wake unavumilika. Kuna mambo mtu anaweza kuandikiwa kwa wiki moja kisha akayatafuna mwenyewe mwaka mzima. Sayansi haiko hivyo, kwa kuwa vitu tunavyovifundisha vina saa zao na havijui tiketi ya mtu.

Panda maharage kwenye kopo Jumatatu asubuhi, profesa anapofungua silabusi. Udongo wetu una joto, kwa hiyo baada ya wiki hivi yatachungulia. Profesa atakuwa tayari njiani. Weka maji yenye viluwiluwi vya mbu kwenye chupa: kutoka yai mpaka mbu anayeruka ni kama siku 10 na zaidi. Profesa hayupo. Loweka muhogo mchungu. Mama zetu wanajua kwamba siku ya kwanza bado, ya pili bado, ya tatu ndipo unapolainika na sumu yake kupungua. Hiyo ni kemia kamili: kuna kitu ndani ya muhogo kinachotoa sayanaidi tishu zake zikivunjika, na muda majini ndio unaoiondoa. Kule Kwango, magharibi mwa nchi yetu, watu walioharakisha kazi hiyo na kula muhogo ambao haujakaa majini vya kutosha wamepooza miguu. Ugonjwa huo dunia nzima unaitwa konzo, kwa jina la Kiyaka. Sasa mwambie mwanafunzi aandike ukurasa mzima juu ya sayanaidi saa tatu usiku, kwa mwanga wa tochi ya simu, saa ya tisa ya somo la siku hiyo. Ataandika. Mama yake atabaki mwanakemia bora kuliko yeye.

Profesa mwenyewe ni Mswahili kama sisi. Jioni, akila ugali na sombe, huongea Kiswahili kitamu na hadithi zake za njiani huvunja mbavu. Asubuhi haraka humrudisha kwenye Kifaransa cha kuandikisha, maana kuandikisha ni kwepesi kuliko kueleza, na saa hazimtoshi. Simlaumu sana. Tungempa nani saa 10 za kusema bila kukauka koo?

Ubaya zaidi ni kwamba vyuo hivi vya ualimu, ISP zetu, huzaa walimu. Kijana aliyeandikiwa kuota kwa mbegu bila kuona mbegu ikiota atapelekwa sekondari moja huko kuelekea Wamaza au Salamabila, naye ataandikisha vilevile. Wanafunzi wake wataingia Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, wakiwa na picha ya mbegu iliyokatwa nusu, yenye majina matano na mishale mitano, wakati shamba la maharage liko nyuma ya ukuta wa darasa.

Nikisema hivyo hujibiwa kwamba sisi hatuna maabara, basi tofauti iko wapi. Jibu la kwanza ni mgeni mmoja wa zamani ambaye alijifunza kitu Kabambare kwa sababu alishindwa kuondoka. David Livingstone alirudi Bambarre, ndiyo Kabambare yetu, Julai 1870 akiwa na vidonda vya miguu, akakwama mpaka Februari 1871. Hakuwa na maabara. Alikuwa na daftari na siku nyingi asizozitaka. Katika siku hizo aliandika juu ya sokwe ambaye wenyeji walimwita soko, na juu ya watu walivyoishi na walivyougua. Wazee hawakumpa saa 60. Vidonda vilimpa miezi.

Hata hivyo aliendelea kutumaini kwamba mto Lualaba ndio Nile. Hilo lilivunjwa na mwingine, Verney Lovett Cameron, aliyefika Nyangwe, leo katika wilaya ya Kasongo, mwaka 1874. Alilinganisha vimo: kwa vipimo vyake, Lualaba pale Nyangwe ilikuwa chini kuliko Nile ilipo Gondokoro, na maji hayapandi mlima. Henry Morton Stanley alipofika Boma mwaka 1877, baada ya kuufuata mto hadi karibu na bahari, alithibitisha kwa safari kitu ambacho kipimo kilikuwa kimeshasema. Na wasafiri wa enzi hizo walipimaje kimo? Moja ya njia zao ilikuwa kuchemsha maji. Kadiri unavyopanda kutoka usawa wa bahari, maji huchemka kabla ya nyuzi 100; kila mita 300 hivi hupunguza nyuzi moja. Sufuria, moto, kipimajoto. Vyote vinapatikana Kabambare, na kipimajoto kikikosekana chuoni utaazimwa na mtu wa mradi wa maji au wa shamba la utafiti, ukiwa unafahamiana naye. Mwalimu wa saa anafahamiana naye. Profesa wa siku sita hamjui hata kwa jina.

Jibu la pili: maabara yetu iko nje. Wilaya ya Kabambare ina Namoya, ambako dhahabu imechimbwa tangu wakati wa Wabelgiji, na ambako kampuni ya Banro ilitangaza uzalishaji wa kibiashara Januari 2016. Wachimbaji wadogo wako kila upande wa Salamabila. Mchimbaji anayeshika dhahabu kwa zebaki kisha akaichoma juu ya makaa anafanya kemia na fizikia kwa wakati mmoja: zebaki huchemka kwenye nyuzi 357, dhahabu huyeyuka kwenye 1,064, ndiyo maana moja huruka na nyingine hubaki. Inayoruka haionekani wala hainuki, na watoto huwa wamechuchumaa karibu. Muuguzi anayefundisha Jumanne anaweza kuwaona hao watoto Jumatano. Ni mwalimu gani mwingine mwenye mfano kama huo mikononi?

Lakini tumlipe? Hapo ndipo imani yetu inapoonyesha rangi yake. Profesa mgeni hulipiwa njia, chumba, kuku na bia kabla hajafungua mdomo, na ada ya wanafunzi hukusanywa mbio kwa ajili yake. Mwalimu wa saa huambiwa: utavumilia, wewe ni mtoto wa hapa. Niliambiwa maneno hayo hayo mwezi wa pili, wa tatu na wa tano. Halafu mwezi wa sita nilipokosa kipindi, ilisemwa kwamba walimu wa saa hawana moyo. Ni kweli wengine wetu hukosa vipindi bila sababu, na wapo wanaouza maksi. Sikuja kumtakasa mtu. Nasema tu kwamba mtu unayemlipa mwisho hawezi kuonekana wa kwanza.

Nakubali jambo moja. Vyeo vina sheria zake, na nchi hii haina watu wenye udaktari wa kutosha kuwagawa Kasongo, Kabambare na kila mji wenye kibao cha chuo. Profesa tunamhitaji: kuangalia kama tunachofundisha ni sahihi, kuleta kilichogunduliwa baada ya vitabu vyetu kuchanika, kusahihisha mtihani bila kujua ni mtoto wa nani. Kwa kazi hiyo siku sita zinatosha, hata tatu. Somo liwe na jina lake, na saa ziwe za mkazi: saa nne kwa wiki ni wiki 15, na saa 60 zimetimia. Katika wiki 15 mbegu huota na mbu huruka, na mwanafunzi ambaye hakuelewa Jumanne ana Alhamisi ya kuuliza. Profesa akija mara mbili, mwanzoni na mwishoni, atakuta watu wenye maswali badala ya watu wenye mikono iliyochoka. Na gharama ya kuku itapungua.

Mkuu mmoja niliyemweleza hayo alicheka. Akasema wanafunzi wenyewe hawatakubali, wataona wamepunjwa. Alisema kweli.

Msimu huu mvua imekata njia, na profesa wa umeme hajafika. Darasa lina wiki tatu bila somo. Nyumba ya nne kutoka chuoni kuna kijana anayefunga sola na kufufua betri za piki. Kila jioni wanafunzi walewale wanampelekea simu zao kuchaji, na wakati wanangoja anawaonyesha, kwa vipande vya waya na balbu ya tochi, kwa nini betri mbili zikifungwa mfululizo huunguza na zikifungwa sambamba haziunguzi. Wao hulipa franga za simu. Hayo mengine huwapa bure, na hakuna anayeandika.