Ukifika Engaruka Usitafute Jumba

Wanafunzi wengi wakisikia neno "magofu" hupata picha moja tu akilini: ukuta mrefu, mlango wa tao, msikiti uliobaki nusu, kama walivyoona katika picha za Kilwa Kisiwani. Picha hiyo ndiyo inayowaponza wakienda ziara ya mafunzo Engaruka, wilayani Monduli. Wazazi wamechanga nauli, basi limekula vumbi kutoka Mto wa Mbu kuelekea kaskazini, jua linawaka, kisha mwongozaji anasimama mbele ya mawe yaliyopangwa chini na kusema, "Ni hapa." Simu zinatolewa, lakini hakuna anayejua apige picha ya nini. Nusu saa haijaisha, kuna wanaouliza kama basi liko tayari.

Siwalaumu wanafunzi hao. Waliahidiwa "mji wa kale", nao wakatarajia mji. Maoni yangu ni kwamba shule ziendelee kwenda Engaruka, na pia Kaole na Tongoni, ila mwanafunzi aambiwe ukweli kabla ya kupanda basi: cha kutazama ni kidogo, cha kufikiria ni kingi.

Hebu yafikirie mawe hayo. Engaruka iko chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, mahali ambapo mvua ni haba mno kwa kilimo cha kutegemea mvua peke yake. Hata hivyo, kati ya karne ya 15 na ya 18 watu waliishi hapo katika vijiji vilivyojengwa mteremkoni, na chini yao kulikuwa na mashamba ya takribani kilometa 20 za mraba. Maji yalitoka kwenye vijito vinavyoshuka kutoka nyanda za juu, yakaongozwa kwa mifereji iliyojengewa mawe hadi kwenye majaruba yaliyosawazishwa. Hapakuwa na pampu. Ukikosea mteremko wa mfereji kidogo tu, maji hayafiki, au yanafika kwa kasi na kubeba udongo wote. Mtama ulistawi hapo. Kazi hiyo ilihitaji vipimo, na zaidi ya vipimo ilihitaji makubaliano: nani afungue maji leo, nani asubiri kesho. Jumba la mfalme halikuonyeshi jambo hilo.

Hata wataalamu walitarajia makubwa kupita kiasi. Louis Leakey alipofika mwaka 1935 alikadiria kwamba palikaa watu zaidi ya 30,000. Watafiti waliokuja baadaye walichunguza upya na kupunguza sana idadi hiyo. Je, Engaruka ilipungua thamani? Mimi naona iliongezeka, kwa sababu kazi yote ile ilifanywa na watu wachache zaidi.

Sasa njoo kwenye mtihani. Swali la umuhimu wa maeneo ya kihistoria likitoka, watahiniwa wengi huandika "huingiza fedha za kigeni" na "huvutia watalii", kisha wanahamia swali jingine. Sentensi hizo mtu anaweza kuziandikia hata mbuga ya wanyama. Aliyeitazama Engaruka vizuri ana hoja ya kweli: jamii za bara zilikuwa na kilimo cha umwagiliaji kabla ya ukoloni, na ushahidi wake upo ardhini. Anaweza pia kujadili kwa nini watu waliondoka. Wanahistoria hutaja kupungua kwa maji, kuchoka kwa udongo na ujio wa Wamasai, na hawajaafikiana. Wewe uko upande gani, na kwa ushahidi upi?

Kuna hasara nyingine nje ya mtihani. Jiwe lisiloeleweka huonekana kama jiwe tu, na jiwe tu hubebwa kwenda kujengea zizi. Vibao vya maelezo katika maeneo yetu mengi ya kale ni vichache, kwa hiyo usisubiri kibao kikufundishe.

Ukifika, anzia kwenye mfereji. Simama uone maji yalitokea upande gani, ufuate mstari wa mawe mpaka shambani, upime jaruba moja kwa hatua na ulichore daftarini. Muulize mwongozaji mto wenye maji mwaka mzima ni upi, kisha tazama wakulima wa leo wanachimba mifereji yao wapi. Beba kofia na maji ya kunywa ya kutosha, maana kivuli ni kidogo.