Anayeripoti gari bovu si mmbea

Kwenye kikao cha mtaa wetu, hapa Tabata, mzee mmoja ninayemheshimu alisimama akasema kwamba anayekwenda serikalini kuripoti gari la jirani lililofia barabarani ni mmbea, na umbea haujengi mtaa. Watu wakampigia makofi. Ajenda ikafungwa hapo hapo, tukahamia kwenye mchango wa ulinzi shirikishi. Shikamoo yake nilimpa kabla ya kikao na nitampa tena, lakini alilosema ni baya, na limesemwa mno katika jiji hili mpaka watu wanaliona ndiyo busara.

Gari lenyewe ni Canter, namba A. Matairi ya mbele yalishang'olewa, limekalishwa juu ya matofali. Kwenye bodi kumejaa mchanga na takataka, mpapai umeota humo na umeshazaa. Pembeni kuna tairi limelala, lina maji ya mvua, na ukiinama unawaona viluwiluwi wakipanda na kushuka. Dar es Salaam ilikumbwa na dengi mwaka 2014, ikakumbwa tena 2019. Mbu anayeieneza anapenda maji ya namna hii hii, halafu anauma mchana, saa ambazo chandarua kimekunjwa. Barabara iliyobaki inatosha bajaji tu. Nyumba ikiwaka moto huku ndani, piga 114 utakavyo, gari la Zimamoto litaishia kwenye Canter.

Mimi kinachoniuma zaidi ni mama ntilie. Alikuwa na meza yake pale pale, chapati na maharage, meza fupi kuliko bampa la hiyo Canter. Oktoba 2021 wamachinga wa Dar es Salaam walipoamriwa kuondoka pembezoni mwa barabara, naye aliondolewa. Mgambo walibeba benchi, wakabeba na sufuria. Ili kuifikia meza yake iliwabidi wazunguke gari bovu, na hakuna hata mmoja wao aliyeuliza la nani. Mwanamke anayelisha mafundi na kusomesha watoto aliambiwa amevamia hifadhi ya barabara. Chuma chakavu kisicholisha hata paka kimebaki kwenye hifadhi hiyo hiyo mpaka leo. Na waliokwenda kumsemea yule mama ofisini, mbona hatukuwaita wambea?

Tunamstahi mwenye gari kwa sababu ni mwenye gari. Hiyo ndiyo siri ya makofi yale. Angekuwa muuza mihogo tungeshamfukuza sisi wenyewe. Kimara walipigiwa nyumba zao alama ya X kwa sababu ya barabara, na mwaka 2017 zikabomolewa, watu wakiwa wamezaliwa humo. Sijawahi kuona X kwenye mlango wa Canter.

Na tusidanganyane kwamba mwenyewe naye ni mlipakodi. Ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa mwaka 2017. Waziri wa Fedha wakati ule, Philip Mpango, aliihamishia kwenye mafuta, Sh40 kwa kila lita. Maana yake kijana wa bodaboda anachangia kila anapojaza, na abiria wake anachangia ndani ya nauli. Ukienda Kariakoo ukaegesha gari lako zima, mtu wa maegesho anakuja na mashine yake, anachukua namba zako, unadaiwa. Canter hainywi mafuta wala hakuna anayeitoza maegesho. Limekaa bure kwenye barabara ambayo bodaboda anailipia, na meza ya mama ntilie haikuruhusiwa kukaa hata kwa kulipa.

Utetezi niliousikia kikaoni ndio ulionichosha kabisa. Ati gari ni la marehemu, ndugu bado hawajakaa kugawana. Marehemu aliacha kabati na kitanda pia, na hivyo mbona havikuletwa barabarani kusubiri kikao cha ukoo? Uani kwao kuna nafasi. Wameweka wapangaji kwenye nafasi hiyo, kodi wanapokea, na urithi wao tunawatunzia sisi tunaoruka mtaro kumpisha mtoto wa shule.

Mtaro wenyewe nao umekufa. Gereji bubu ya pale kona inamwaga oili chafu humo kila jioni, na tunatozwa pesa ya taka wakati gari la taka hatulioni. Hayo nayo ukiyasema unaambiwa una roho mbaya. Mtaa mzima umefundishwa kunyamaza, kisha mvua za masika zikijaza maji sebuleni tunaiuliza serikali iko wapi.

Namba za ile Canter nimeziandika. Barua naipeleka kwa mtendaji wa mtaa, nakala TARURA kwa kuwa barabara ni yao, na nakala kituo cha polisi waangalie chesesi, maana kama liliibwa yuko mtu mahali analitafuta. Jina langu na namba yangu ya simu viko juu ya barua. Ninachoomba ni mwenye gari apewe ilani na siku za kuliondoa, kama alivyopewa mama ntilie, na zikipita livutwe, gharama alipe yeye. Na mama ntilie aambiwe ni wapi katika mtaa huu anaruhusiwa kuweka meza.