Injini ya Boti Inapoamka na Kikohozi

Hapa Ng'ambo hatuna ziwa, lakini nyumba nyingi zina jamaa Ujiji au Kigoma anayeishi kwa dagaa. Uvuvi wa Ziwa Tanganyika ulipofungwa, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, injini zililala miezi mitatu. Iliyolala na petroli tumboni huamka ikikohoa: huwaka, hutetemeka, kisha hufa inapopunguzwa mwendo. Na dagaa huvuliwa usiku, mbali na nchi kavu.

Usikimbilie kununua plagi. Petroli iliyobaki katika kabureta hukauka, ikaacha utando kama gundi uzibao vitundu. Ukivuta choki injini ikatulia, basi inakosa mafuta. Mwaga petroli ya zamani, fungua kabureta uioshe. Vitundu visichokolewe kwa waya, maana vikipanuka hasara ni kubwa zaidi. Kazi hiyo ifanyike nje, mbali na jiko la mkaa na watoto (na fundi mvuta sigara naye asubiri).

Ijaribiwe ndani ya pipa la maji, kwani pampu yake ya mpira huharibika ikizunguka kavu. Ikikohoa bado, ndipo plagi itolewe. Iliyolowa na kuwa nyeusi ibadilishwe.