Kahawa haingoji, ugomvi pia usingoje



Musimu uliopita, ku stesheni moja ya kuosha kahawa pembeni ya Ziwa Kivu, wamama wanaochagua kahawa walisimamisha kazi. Wanalipwa kwa kilo, na walisema mizani inawaibia. Mupimaji akajibu kama wao njo wanaficha kahawa mbaya ndani ya ile nzuri. Sisi waagronomi tulileta dawa yetu ya siku zote: formasio. Haikusaidia kitu. Meza zilijaa, matunda mabivu yenye yanapaswa kumenywa siku ileile yakaanza kuchacha, na wakulima wengine wakavusha yao usiku kwa mitumbwi.

Mwenye alitutoa pale ni kijana aliyefanya miaka mingi ku redio ya mtaa, na sasa kazi yake ni kupatanisha watu makazini. Alimusikiliza kila mutu peke yake, akaandika maneno yake, akamusomea tena: «Ni vile ulisema?» Kisha akaomba mizani. Lita 20 za maji, bila kuhesabu bidoni, zilisoma kilo 19. Mupimaji mwenyewe hakujua. Wakafungua na mifuko: kahawa mbaya pia ilikuwamo. Kila upande ulikuwa na haki, na kila upande ulikuwa na kosa.

Alituambia kama kuuliza pande zote mbili alikujifunza ku redio. Kilichomupa nguvu ni kuacha kutangaza. Siri ya mutu inabaki kwake.

Wengine watasema: tuko na wazee. Ni kweli, lakini mara mingi mzee ni ndugu ya prezida wa koperative. Sheria ya kazi ya mwaka 2002 inaomba wenye ugomvi wapite kwanza kwa inspekta wa kazi mbele ya kufika ku tribinali. Inspekta iko mbali, ku muji.

Kwa hiyo tunaomba hivi: mbele ya musimu, kila koperative ichague watu wawili, mumoja awe mama, wenye hawako ndani ya komite. Wapewe daftari. Kila siku ya kwanza ya juma wapime maji ku mizani mbele ya watu wote.

Sisi tulisoma udongo na magonjwa ya mimea. Kusikiliza watu hatukukusoma, na musimu ule kulikosa kutugarimu kahawa.