Shahidi Aliyekosa Kitanda: Barua ya Wazi kwa Mkuu wa Ofisi ya Vibali vya Misafara ya Barabarani

Msafara wa baiskeli wa hisani huchanga fedha kwa ahadi. Kila mpanda baiskeli huwaendea jamaa, wafanyakazi wenzake na waumini wa kanisa lake akiwa na kadi, na kila mmoja huandika kiasi atakachotoa kwa kilomita. Safari ikiisha na padri akathibitisha umbali, ndipo pesa hutumwa kwa M-Pesa. Mheshimiwa hana budi kulishika jambo hili la mwisho, kwa kuwa yote yaliyofuata yametokana nalo: baiskeli zisipotoka, ahadi hazilipwi.

Msafara uliozuiwa na ofisi ya Mheshimiwa ulikuwa wa Nairobi hadi Mombasa, takriban kilomita 480 kwa siku tatu. Wapanda baiskeli wangelala Makindu, ambako hekalu la Masingasinga lililojengwa mwaka 1926 hulisha na kulaza wasafiri wa dini zote bila kudai senti, kisha Voi, na kumalizia Kengeleni, Kisauni. Mwisho huo haukuchaguliwa ovyo. Kengeleni ndiko iliko kengele ya Freretown, makazi yaliyoanzishwa na wamisionari wa Kianglikana mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani. Ilipolia, wakazi walijua kwamba wateka watumwa wanakaribia. Juma lililochaguliwa nalo lilikuwa na sababu yake. Tarehe 8 Februari Wakatoliki humkumbuka Mtakatifu Josephine Bakhita, mtoto wa Darfur aliyetekwa, akauzwa mara kadhaa, akafia Italia akiwa mtawa mwaka 1947. Tangu 2015 siku hiyo ni ya kuwaombea duniani kote walionaswa katika biashara haramu ya binadamu. Waumini walioandaa msafara waliona kuwa sala peke yake haimpatii mtu pa kulala, wakaamua kukanyaga.

Fedha zilikuwa za nyumba moja ya hifadhi ya wasichana walionusurika biashara hiyo. Kazi ya nyumba ya namna hiyo haifahamiki vya kutosha maofisini, hivyo inafaa ielezwe. Anayemuuza msichana mara nyingi si mgeni kwake: ni jirani, ni ndugu wa rafiki, ni wakala aliyekaribishwa chai kwa mama yake. Anaijua njia ya kwenda kwao na ana namba za simu za jamaa zake. Sheria ya Kenya ya mwaka 2010 dhidi ya biashara haramu ya binadamu inampa anayepatikana na hatia kifungo kisichopungua miaka 30, au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili. Mshtakiwa anayetazamia miaka 30 hakai akimsubiri shahidi. Humtafuta. Hutuma wazee, hutuma pesa, na hivyo vikishindikana hutuma vitisho. Ndiyo maana shahidi hulazwa pasipojulikana hadi siku ya kutoa ushahidi.

Mmoja wa mashahidi waliokuwa katika nyumba hiyo ni binti wa dada yake mwandishi wa barua hii. Aliahidiwa kazi ya hoteli katika nchi ya Ghuba. Alipofika alinyang'anywa pasipoti mlangoni kwa mwajiri, akatumikishwa ndani bila mshahara tangu alfajiri hadi mtoto wa mwisho alale. Aliporudi alikubali kumtaja wakala mahakamani, jambo ambalo wengi waliopitia mateso kama hayo hawathubutu kulifanya. Nyumba iliwaeleza waandalizi bila kificho kwamba akiba imekwisha, na kwamba ahadi za msafara ndizo zingemweka hapo hadi tarehe ya kesi.

Ombi la kibali lilipelekwa miezi mitatu kabla, likiwa na ramani ya njia, orodha ya wapanda baiskeli, bima, na barua ya hospitali iliyokubali kutoa ambulensi. Nakala iliyobaki kwa waandalizi ina muhuri wa kupokelewa na sahihi ya karani kwa wino wa buluu. Baada ya hapo hapakutoka jibu. Kila aliyefuatilia aliambiwa mkubwa hayuko, arudi Jumatatu. Safari ilipokaribia, karani yuleyule akasema faili halionekani. Alipoonyeshwa muhuri na sahihi yake mwenyewe aliitazama ile karatasi, akairudisha juu ya kaunta na kusema bila faili hakuna kibali. Alfajiri ya safari, wapanda baiskeli wakiwa wameshavaa vizibao vya reflekta na padri ameshawabariki, askari walifika na agizo la kuwatawanya. Wakatii.

Usalama ungekuwa sababu ya haki. Barabara ya Mombasa imejaa matrela, na mwendesha baiskeli anayesukumwa na upepo wa matrela hayo anajua hatari hiyo kuliko mtu yeyote. Lakini sababu hiyo haikutajwa, kabla ya safari wala baada yake. Kilichotajwa ni faili.

Baiskeli hazikutoka, ahadi hazikulipwa. Nyumba ya hifadhi ilipunguza vitanda, na binti akarudi kijijini. Hakumaliza mwezi kabla ya watu wa wakala kufika kwa mama yake. Siku ya kesi shahidi hakufika. Hakimu akaahirisha; tarehe ya pili pia shahidi hakufika. Mwendesha mashtaka akaomba kuiondoa kesi chini ya kifungu cha 87(a) cha sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai, na mshtakiwa akaenda zake. Ofisi ya Mheshimiwa isiseme ni bahati mbaya. Shahidi hakufika kwa sababu hakuwa na kitanda, na hakuwa na kitanda kwa sababu faili moja halikutafutwa.

Hasara nyingine zipo. Malipo ya awali ya lori na vyumba vya Voi hayakurudishwa, na sehemu yake ilitoka katika mshahara wa mwandishi. Baadhi ya vijana hawataki kusikia tena habari ya msafara. Hayo yanavumilika. Lisilovumilika ni kwamba anayeuza wasichana yuko huru, na shahidi aliyekuwa tayari kumtaja analala leo kwa jamaa huyu, kesho kwa yule.

Lawama haiishii kwenye kaunta moja. Sheria ileile ya 2010 ilianzisha mfuko wa kuwasaidia waathiriwa. Mfuko huo ungebeba mzigo wake, nyumba ya hifadhi isingengoja kilomita za waumini ili imlaze shahidi. Kesi ilikuwa ya Jamhuri, si ya parokia. Dola isiyomlaza shahidi wake haina haki ya kuwazuia wanaojitolea kumlaza.

Ofisi ya Mheshimiwa inadaiwa jibu la maandishi, lenye sahihi ya afisa anayehusika, likieleza faili lilikwenda wapi na nani aliyewaamuru askari. Inatakiwa pia ihakikishe kwamba kila ombi la msafara lijibiwe ndani ya siku 14, na likikataliwa sababu iandikwe, ili waandalizi wapate nafasi ya kubadili njia au tarehe. Kuondolewa kwa kesi chini ya kifungu cha 87(a) hakumkingi mshtakiwa. Anaweza kushtakiwa tena kwa mambo yaleyale, na binti amesema yuko tayari akipata mahali salama. Ombi jipya la kibali limeshapokelewa na kupigwa muhuri. Safari hii nakala ziko pia kwa mwendesha mashtaka na kwa askofu, na nyumba ya hifadhi imekubali kumpokea binti kwa mkopo siku ambayo kibali kitatoka.