Shauri la Juma Hili: Cheti cha Nje na Cheti cha Nchini

Wasomaji wetu, juma hili tunajibu swali la mkulima mmoja aliye baba wa watoto wawili. Mwanawe wa kwanza alifanya mtihani wa KCSE akapata C, yaani alipungukiwa na hatua moja tu kufikia C+, alama inayotakiwa kwa mtu aingiaye kusomea digrii. Baba anafikiri kuuza ng'ombe wawili ampeleke Uganda akasome miaka miwili ya Kidato cha Tano na cha Sita, kisha arudi kuomba nafasi katika chuo kikuu cha hapa. Binti yake, aliye Kidato cha Nne, amemwuliza: "Baba, mimi nikipata C na ng'ombe wamekwisha, nitapita mlango gani?" Mzee ameshindwa kumjibu, naye anatuuliza kama jambo hili ni la haki.

Swali hili si dogo, na yafaa kwanza tukumbuke jinsi lilivyozaliwa. Katika miaka ya 1950 kijana wa Kenya, wa Uganda na wa Tanganyika waliomaliza shule ya sekondari walifanya mtihani mmoja, uliotoka Cambridge, Uingereza. Waliofaulu vizuri walitazamia Makerere, ambayo tangu mwaka 1949 iliwatayarisha wanafunzi kwa digrii za Chuo Kikuu cha London. Siku hizo kipimo kilikuwa kimoja, ijapokuwa hakikuwa chetu. Mwaka 1967 likaundwa Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki. Lakini Tanzania ilijitenga na kuunda baraza lake mwaka 1973, na Kenya ikaunda lake mwaka 1980. Kisha mwaka 1985 Kenya ikaanza mfumo wa 8-4-4, Kidato cha Tano na cha Sita vikaondolewa, na mwaka 1989 ukafanywa mtihani wa kwanza wa KCSE. Uganda na Tanzania ziliendelea na vidato hivyo viwili. Basi majirani waliopimwa kwa mizani moja wakawa na mizani mitatu.

Tena mizani hizo hazisemi lugha moja. Katika cheti cha zamani cha Cambridge, alama ya 1 ndiyo iliyokuwa bora na 9 ilikuwa ya kuanguka. Katika KCSE, A huhesabiwa 12 na E huhesabiwa 1. Uganda kwa miaka mingi imehesabu A ya Kidato cha Sita kuwa 6. Mtoto wa KCSE hupimwa kwa masomo saba. Wa Kidato cha Sita hupimwa hasa kwa masomo matatu, lakini kwa kina zaidi. Mkulima ataelewa upesi: gunia la mahindi yaliyo katika magunzi na gunia la mahindi yaliyopukuchuliwa ni magunia kweli yote mawili, wala hakuna aliyedanganya, lakini karani akiyaandika kuwa sawa, mmoja wa wakulima hao amedhulumiwa.

Hebu tuhesabu na miaka. Mkenya wa 8-4-4 husoma miaka minane, kisha minne, kisha minne ya chuo kikuu: jumla 16. Mganda husoma saba, minne na miwili, kisha kwa kozi nyingi mitatu ya chuo: jumla 16 vilevile. Lakini kijana wetu akimaliza minane na minne hapa, akasoma miwili Uganda, kisha akarudi kusoma minne ya digrii ya Kenya, atakuwa ametumia miaka 18. Kwa hiyo si haki kusema kwamba ameingia kwa mlango wa nyuma bila jasho. Amefanya kazi, na kazi iliyofanywa baada ya kuanguka inastahili kuhesabiwa.

Hata hivyo, wako wanaodhulumiwa kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kuheshimu cheti cha nje kwa sababu ya jina lake tu. Shule za Nairobi zinazofundisha mitihani ya Uingereza hutoza karo ambayo mkulima wa kawaida hawezi hata kuiota. Ikiwa C ya tajiri yaweza kufutwa kwa fedha, na C ya maskini ni hukumu ya maisha, basi hatupimi akili, tunapima mifuko.

Njia ya pili ni kudharau cheti cha nje. Karani Mkenya anayefanya kazi Arusha katika ofisi za Jumuiya ya Afrika Mashariki huwasomesha watoto wake huko, nao hufanya mtihani wa Tanzania. Hawakukimbia KCSE, walimfuata baba yao. Kuwarudisha mlangoni ni kuwaadhibu bila kosa. Nasi twajua uchungu wa jambo hilo, kwa maana vyuo vikuu vingi vya Uingereza humtaka mwenye KCSE asome kwanza mwaka mmoja wa maandalizi.

Haki, basi, yataka mambo matatu. Kwanza, hesabu ya kulinganisha vyeti itangazwe wazi kabla mzazi hajalipa karo, wala isitungwe mlangoni. Pili, iwe hesabu moja kwa vyuo vyote. Tatu, nafasi ya pili isiwe ya mwenye ng'ombe peke yake. Nchi zetu zilikubaliana katika itifaki ya soko la pamoja, iliyoanza kutumika mwaka 2010, kutambuliana vyeti. Na mwaka 2017 zikatangaza eneo moja la elimu ya juu. Ahadi hizo zastahili kufika mpaka kwenye dirisha la karani anayepokea fomu.

Jambo hili litatugusa sote karibuni. Darasa la mwisho la KCPE lilifanya mtihani mwaka 2023, na wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya waliingia sekondari ya juu Januari 2026. Siku yaja ambapo KCSE yenyewe itakuwa cheti cha kizamani, kikilinganishwa na kingine. Tutakavyowatendea wenye vyeti vigeni leo, ndivyo watoto wetu watakavyoomba watendewe.

Sasa, Mzee, shauri letu ni hili. Usiuze ng'ombe bado. Kiandikie chuo kikuu unachokitaka, uulize kama kitampokea mwenye C ya KCSE pamoja na cheti cha Kidato cha Sita cha Uganda, na udai jibu la maandishi. Uliza pia katika Baraza la Taifa la Mitihani jinsi cheti hicho kitakavyolinganishwa. Tena kumbuka kwamba mwenye C aweza kusomea diploma hapa hapa nchini, na kwa diploma nzuri kuomba digrii baadaye. Njia hiyo ni ndefu, lakini haimalizi zizi. Na binti yako mwambie kwamba mlango huo uko wazi kwake pia, ingawa twamwombea asiuhitaji.

Msomaji mwenye shauri jingine na atuandikie.