Ukienda kuona mtoto, usiende kulishwa

Ukisikia kwamba jirani yako wa ghorofa ya tatu amejifungua salama, utampelekea nini? Bila shaka wengi wenu mtajibu: nepi, sabuni na pengine blanketi la mtoto. Sina ugomvi na nepi. Lakini nepi hailiwi, na mama aliyejifungua juzi ana njaa.

Hapa Kahawa Wendani, kando ya barabara kuu ya Thika, jina la mtaa lenyewe linatudai jambo hili, kwani wendani kwa lugha ya Kikuyu ni upendano. Zamani mtoto alipozaliwa katika jamii hiyo, vilipigwa vigelegele vitano akiwa wa kiume na vitatu akiwa wa kike (hesabu ambayo kina dada wa leo wana haki ya kuilalamikia). Wanawake waliosikia walijua kazi imeanza. Walifika na kuni, maji, uji na, zaidi ya vyote, njahi.

Njahi ni zile mbegu nyeusi zenye mstari mweupe ubavuni, ambazo Kiswahili sanifu huziita fiwi. Si chakula cha kubahatisha. Wakulima wa Kikuyu waliyaita majira ya mvua ndefu, ya Machi hadi Mei, kwa jina la njahi, na yale ya mvua fupi kwa jina la mwere, yaani uwele. Hata mlima Ol Donyo Sabuk, ulio upande wa Thika, waliuita Kianjahi. Chakula chenye heshima ya kiasi hicho ndicho kilichotengewa mzazi, apate nguvu na maziwa.

Wala si Wakikuyu peke yao. Wachagga wa Kilimanjaro humpikia mzazi mtori wa ndizi na nyama. Pwani kuna uji wa pilipili manga, na mama hutunzwa hadi siku ya arobaini. Vyakula ni tofauti lakini kanuni ni moja: mzazi hapiki, anapikiwa.

Sasa tazama yanayotendeka katika vyumba vyetu vya kupanga. Jumapili alasiri wageni kumi wanabisha hodi. Wanaketi, wanapokezana mtoto, runinga inawashwa, na baada ya muda mfupi macho yanaanza kuelekea jikoni. Mama wa wiki mbili, ambaye pengine alishonwa, anasimama kukaanga vitunguu! Wengine hufikia hata kukodi hema na kushona sare, na baba mtoto akabaki na deni la soda. Hiyo ni karamu ya wageni, na mzazi ndiye mpishi wake.

Najua utaniambia kwamba mjini hakuna nafasi, na njahi hula gesi. Ni kweli, basi pika nyingi kwa mara moja. Nunua gorogoro moja sokoni Githurai na uziloweke usiku kucha. Mwaga maji hayo, zichemshe, mwaga na maji ya kwanza ya kuchemshia, kisha utie mengine na uziache ziive hasa. Usifanye haraka, kwa kuwa njahi kavu zisizoiva zina sumu. Zikishalainika, ziponde pamoja na viazi na ndizi mbivu. Utamu wa ndizi ndio unaotuliza ule ukali wake. Hapo umepata chakula cha mzazi cha siku mbili, na watoto wako nyumbani nao watapata.

Nisieleweke vibaya: njahi si dawa. Maziwa huongezeka mtoto anaponyonya mara kwa mara, na mama anapokula, kunywa na kupumzika. Tena kitoto kisilambishwe uji wala maji ya muwa, ingawa wazee walifanya hivyo. Shirika la Afya Duniani linashauri maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya kwanza. Anayelishwa ni mama.

Katika jengo lenye familia kumi na mbili, kina mama wakipeana zamu, kila nyumba hupika mara moja au mbili tu katika wiki mbili za mwanzo. Mluhya alete mboga zake za kienyeji, Mkamba alete muthokoi, na wewe mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kenyatta unayepanga chumba hapo chini, usijifiche nyuma ya vitabu. Uji wa themosi moja hauhitaji diploma.

Na baba je? Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mwajiriwa wa kiume likizo ya wiki mbili mkewe anapojifungua, na mama miezi mitatu, yote kwa malipo. Wiki hizo mbili hazikutungwa kwa ajili ya mpira. Tena mama muuza mboga hana mwajiri wa kumpa likizo yoyote. Asipopikiwa, siku ya nne yuko kibandani na mtoto mgongoni.

Basi ukienda, piga simu kwanza, ufike na chakula kilichoiva, na usikae zaidi ya nusu saa. Osha vyombo utakavyovikuta kwenye sinki. Mshike mtoto mama akaoge. Hotipoti yako utaifuata wiki ijayo.